Kidole cha Mnunuzi

Mnunuzi wa dhahabu wa Nyarugusu hakubali bei ya kwanza, hata ya daktari. Wachimbaji wanamjua kwa mizani yake ndogo ya shaba, na kwa kidole cha kulia kinachopenda kuegemea sahani ya mawe ya kupimia ili dhahabu yao ionekane nyepesi. Siku hiyo alikuwa hospitalini Shinyanga na bintiye Kudra, aliyerithi ini linalong'ang'ania sukari. Akichelewa kula, anazimia.

"Tupange malengo ya matibabu," daktari alisema. "Apone," mnunuzi akadakia. "Kupona hakupo, Mama Kudra. Tuseme asizimie tena, na akue sentimita nne kwa mwaka." "Sita." "Urefu si bei ya kupatana, mama!" "Haya, tano, tusichoshane. Na shule aende." Daktari akacheka, akaandika tano. "Basi kila baada ya saa nne, wanga mbichi wa mahindi kwenye maji baridi, gramu ishirini kamili. Ukipunja, atazimia." Mnunuzi akatoa mizani mkobani, akaanza kuchota wanga aliopewa na daktari kwa mkono wa kushoto, pumzi kaibana. Mkono wa kulia, pamoja na kidole chake, aliuficha mgongoni.