Magurudumu ya Ndala za Babu

Mpira wa ndala ukikatwa kwa kisu cha moto hutoa harufu ambayo haiendi popote kwa haraka. Huingia kwenye nywele, hukaa kwenye gauni, na ukijidai kunawa mikono kwa sabuni ya mche ndiyo kwanza inakolea. Mimi harufu hiyo nikiipata leo, hata kwa fundi viatu tu wa barabarani Morogoro ninakoishi, narudi mara moja Mlabani, Ifakara, kwenye ghala la mpunga la babu, masika ile aliyofariki. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mvua ilinyesha siku nzima, ikapumzika kidogo kama mtu anayemeza mate, ikaanza tena. Mpunga wa mwaka uliopita ulikuwa umebaki magunia mawili yaliyoegemezwa ukutani, mpya ulikuwa bado mashambani umesimama ndani ya maji, na sakafu yote ya ghala ilikuwa tupu. Sakafu tupu ya saruji, kwa watoto wasioweza kutoka nje, ni nchi inayosubiri wenyewe.

Wenyewe tulikuwa wawili, mimi na Method, mtoto wa baba mkubwa, ambaye nyumba yao ilipakana na yetu. Tulilijenga bonde lote la Kilombero pale chini. Milima tuliifanya kwa karatasi za mifuko ya saruji, tukaziloweka kwenye uji mzito wa muhogo, tukazifinyanga juu ya vifuu na kuziacha zikakauka hadi zikagongeka kama ngoma. Ardhi ilikuwa pumba za mpunga, ambazo kwetu hazinunuliwi wala haziishi. Vichaka vilikuwa vipande vya dodoki tulivyovichovya kwenye maji ya majani yaliyopondwa, na mto ulikuwa pindo la kanga ya buluu ambayo mama aliifanya tambara. Juu yake ilipita pantoni, yaani kopo la samaki lililovutwa kwa uzi kutoka ng'ambo hii hadi ile. Wahenga walisema akiba haiozi, na sisi tuliamini kwamba hakuna kitu duniani kilichowahi kuwa takataka. Boksi la dawa ya meno lilikuwa kifaru, bomba la kalamu iliyokwisha lilikuwa mzinga wake, na vizibo vya soda vilikuwa askari, kila kimoja na kijiti cha kiberiti kimesimamishwa katikati kwa nta.

Vita vyetu vilikuwa na sheria, tena kali. Askari alikwenda shibiri moja kwa zamu, gari shibiri tatu. Tuligombana siku mbili nzima kwa sababu shibiri ya Method ilikuwa ndefu kuliko yangu, mpaka tukakata njiti ya ufagio iwe kipimo cha serikali zote mbili. Ukitaka kupiga unarusha vizibo vinne, na vile vinavyoangukia mgongo ndivyo risasi zilizopata. Sheria iliyoniponza mimi ilikuwa ya mwisho, nayo Method ndiye aliyeileta: gari lisilo na magurudumu yanayozunguka kweli, halitembei. Alijua anachofanya. Yeye alikuwa na vipande vya tairi la baiskeli. Mimi nilikuwa na lori zuri kuliko magari yote ya Ifakara, bodi la kopo la mafuta ya kula, taa za karatasi ya vidonge, na ubavuni nimeliandika kwa rangi ya kucha SINA HABARI, kama malori yaliyokuwa yakipita kwenda Mlimba. Lakini magurudumu yake yalikuwa vizibo, na vizibo kwenye pumba havizunguki, vinalima.

Vyuma vya magurudumu nilipewa na Mzee Nyoni. Huyu alikuwa fundi baiskeli pale Kibaoni, Mngoni aliyehamia Ifakara zamani na kuzeekea kwetu. Sisi Wapogoro na Wangoni ni watani. Babu zao na babu zetu walipigana mikuki hadi wakachoka, vita vikabaki vya mdomo, na tangu hapo mtani akikutukana huruhusiwi kununa, na akichukua kitu chako, hasa msibani, huruhusiwi kudai. Kila nilipokwenda kwake na kusema shikamoo, alijibu, "Marahaba, mateka wangu," kisha akanichagulia spoku zilizokatika. Alizinyoosha kwa nyundo, akanionyesha namna ya kupinda ncha ili gurudumu lisichomoke. "Chuma ninacho," aliniambia. "Mpira katafute kwenu. Mngoni siku hizi hasafiri na raba."

Kwetu mpira haukuwepo. Ndala za nyumbani zilivaliwa hadi kisigino kikagusa ardhi, na mkanda ukikatika ulishonwa kwa waya, maisha yakaendelea. Ndala nzima zilikuwa pea moja tu: za babu, buluu, alizozinunua kwa ajili ya Pasaka na kuzivaa Jumapili mbili kabla hajalala asiamke. Zilifungiwa kwenye sanduku lake la bati, pamoja na koti, fimbo na rozari, zikisubiri siku ya kumaliza matanga. Ufunguo alikabidhiwa mama, kwa kuwa yeye, mkwe wa mwisho, ndiye aliyemuuguza babu. Alikuwa akiutundika nyuma ya mlango. Sitaki kujitetea kwamba sikujua ni vibaya. Nilijua. Ila nilijiambia kwamba marehemu hatembei, na lori langu halitembei, na kati yao wawili mmoja anaweza kusaidiwa.

Mama alipokwenda mashineni kukoboa, nilifungua sanduku. Nilipuliza jiko la mkaa, nikachoma kisu chake cha mboga hadi ncha ikawa nyekundu, nikazungushia kifuniko cha chupa na kukata magurudumu sita, na moja la akiba. Mabaki niliyatupa chooni. Kisu nilikisugua kwa majivu hadi mikono ikauma. Jioni ile lori la SINA HABARI lilivuka pumba zote na kupanda pantoni bila kusukumwa mara ya pili, na Method akainama kuyatazama magurudumu. Aliniuliza mpira nimeupata wapi. Nikamwambia jalalani, na nikaona utamu wa ushindi kuliko nilivyowahi kuuona. Utamu huo ulidumu siku tisa.

Siku ya kumaliza matanga ndugu walijaa uani. Shangazi Skolastika, dada mkubwa wa baba, aliteremka kutoka Mahenge na mabinti zake. Baba alikuwa zamu kazini Mlimba, angefika kesho yake. Mzee Nyoni naye alikuja, kwa sababu msiba wa Wapogoro bila mtani ni kama ugali bila mboga. Asubuhi, kabla ya shughuli, aliingia ghalani kuona spoku zake zinafanya kazi gani. Alichuchumaa, akalisukuma lori kwa kidole kimoja, akaligeuza chali. Akatazama ile rangi ya buluu muda kidogo. "Mpira mzuri huu," alisema. "Umepata wapi, kamanda?" Nikasema jalalani. Akaitikia "Mm," akalirudisha penye pantoni taratibu, akatoka.

Mimi nilidhani ndala ni ndala. Sikujua kwamba katika ukoo wetu viatu vya marehemu hupewa mjukuu anayerithi jina, ili akanyage alipokanyaga mwenzake, na kwamba mjukuu huyo alikuwa Method. Baba mkubwa alilifungua sanduku mbele ya watu. Likatoka koti. Ikatoka fimbo, ikatoka rozari. Akainama, akapapasa pembe zote nne, akainuka mikono mitupu. Kitu cha marehemu kilichogusa nyayo zake kikipotea, kwetu hakuna anayefikiria panya. Watu wanafikiria mganga. Shangazi hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema, "Ufunguo alikuwa nao nani?" ingawa kila mtu alijua, na macho yote yalimgeukia mama yangu.

Mama alikuwa amesimama karibu na jiko ameshika upawa. "Nilikuwa nao mimi, wifi," alijibu.

"Basi tuambie zimekwenda wapi ndala za baba yetu. Na umezipeleka kumfanyia nani."

Mama alitazama chini. Hakusema lolote, na ule ukimya wake mbele ya wale watu ulionekana kama kukiri. Nilitaka kusema. Nasema kweli, maneno nilikuwa nayo mdomoni, lakini sikuyatoa. Niliogopa kiboko, niliogopa Method, niliogopa zaidi lile neno ambalo bado hakuna aliyelitamka. Nilimwacha mama yangu asimame peke yake. Hilo nimeliungama kanisani zaidi ya mara moja na bado halijaisha.

Hapo Mzee Nyoni akacheka. Alicheka kwa sauti ya mtu aliyeshiba, akaingia katikati ya uwanja, akavua kofia. "Enyi Wapogoro, mnamtesa mtoto wa watu bure! Ndala nimechukua mimi. Siku ya mazishi sanduku lilikuwa wazi, mnalia tu, hamlindi mali. Nilikuja peku kwenye matope yenu, mlitaka nirudi peku? Mkizitaka, chukueni mikuki, nendeni mkaivamie Songea!" Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka, kisha uwanja wote ukapasuka. Shangazi alijaribu kujizuia akashindwa. "Mngoni mwizi wewe! Hata maiti humwachii!" alimfokea huku anapangusa machozi kwa ncha ya kitenge. Wahenga wanasema mzaha mzaha hutumbuka usaha, wakimaanisha utani huzaa balaa. Siku ile ulitumbua jipu lililokuwa tayari limeiva. Method akapewa fimbo badala ya ndala, na hakuna aliyeweza kudai chochote, kwa kuwa mtani hadaiwi.

Wakati wa chakula Mzee Nyoni aliniita pembeni. "Kamanda," alisema, "nimesema mbele ya watu kwamba ndala ninazo. Nisipokuwa nazo nitakuwa mwongo. Mimi ni mtani, sio mwongo. Lete lori." Nilikwenda ghalani nikalichukua nikamletea. Alilitia ndani ya koti lake akaenda zake Kibaoni, na siku tatu baadaye jeshi langu, halina cha kubebea risasi, lilizingirwa penye milima ya mifuko ya saruji na kuteketezwa hadi askari wa mwisho. Nililia sana. Method alidhani nalilia vita, akanirudishia vizibo vyangu vinne.

Mwaka jana Mzee Nyoni alifariki, mzee sana. Nilisafiri kutoka Morogoro na kijana wangu, ambaye alikuwa na umri ule ule niliokuwa nao masika ile, tukampitia mama Mlabani. Kijana hupigana vita vikubwa kwenye simu, ana vifaru vingi ambavyo hakuwahi kukata wala kugundisha, na akishindwa anaanza upya bila kupoteza kitu. Simlaumu, sisi tungepewa simu tungefanya vile vile. Njiani nilimweleza habari za pantoni akanishangaa, kwa sababu yeye amekuta daraja na anaona mto ni kitu cha kupita juu. Nilipomwambia kwamba msibani tunakokwenda mimi nitatukana watu, aliniomba nisimwaibishe.

Kibandani kwa marehemu, juu ya rafu, katikati ya makopo ya solusheni ya kuzibia pancha, lilikuwepo lori langu. Rangi ya kucha ilikuwa imekwanguka, lakini SINA HABARI ilisomeka. Nililichukua, nikaenda nalo hadi katikati ya uwanja wa waombolezaji, nikaliweka kichwani. "Wangoni wezi nyie!" nilisema. "Baba yenu alikufa na mali yetu. Magurudumu haya ni ndala za babu yangu, Mpogoro. Leo naondoka nayo, anayetaka aje avamie Mlabani." Walicheka, wakanipigia vigelegele. Nikaongeza, na sauti ikaanza kunitoka vibaya, "Wala yeye hakuiba. Aliyezikata ni mimi." Wakacheka zaidi, wakidhani ni utani unaendelea.

Mama peke yake hakucheka. Nilikwenda kukaa karibu naye kwenye mkeka, nikamwambia polepole kwamba haukuwa utani. Akasema, "Najua. Siku ile niliporudi kutoka mashineni nilikuwa nakata mchicha, kisu kinanuka ndala."

Sikuelewa mara moja. Kumbe alijua kabla sanduku halijafunguliwa. Alisimama pale na upawa wake, akiulizwa ndala zimekwenda wapi, na jibu alikuwa nalo. Kijana wangu ndiye aliyemuuliza kile ambacho mimi nilishindwa: "Sasa bibi, kwa nini hukusema?"

"Ningesema, mama yako angechapwa mbele ya watu wote wale," alijibu, akinyoosha kanga yake juu ya magoti. "Mimi mkwe. Kuangaliwa vile nilishazoea."

Kijana alilichukua lori, akaliweka chini, kando ya mkeka, penye vumbi, akalisukuma kwa kidole. Lilitembea. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi nimekuwa mzazi miaka kumi na zaidi nikidhani methali hiyo nimeimaliza. Niliinama nikalinyanyua, nikayanusa magurudumu yote sita, moja moja. Hayakuwa na harufu yoyote tena.