Nyumba Isiyo na Ukuta wa Nyuma

Kaka yangu Marwa alizungumza nami asubuhi, jua likiwa limeshapanda, na mimi sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya chai. Naanza na hilo kwa sababu najua mtakachosema. Mimi mwenyewe ni mtu wa kujishuku. Mlango nikiufunga, narudi kuutikisa. Kama ningepata namna nyingine ya kulieleza jambo hili, niaminini, ningekuwa nimeshaishika kwa mikono miwili.

Kazi yangu ni kujenga seti za filamu na video za muziki. Sikusomea. Nilijifunza kwa simu, katika chumba cha kupanga Dodoma, nikiwatazama watu wakipaka rangi mbao hadi zifanane na mawe. Nikikosea kidogo tu, nabomoa naanza upya. Kwa hiyo mnaweza kuelewa nilivyotamani kuliona lile boma la filamu kule Mbalibali. Filamu yenyewe mnaijua, ile ya mazishi, iliyoliza nchi nzima. Watu hutoka mbali kwenda kupiga picha pale. Na yule maiti aliyelazwa juu ya ngozi ya ng'ombe, ambaye watu mtandaoni huandika "jamaa kafa vizuri", ndiye kaka yangu.

Alikuwa dereva wa bodaboda Mugumu. Walimchukua stendi kwa sababu ya sura yake. Filamu ilipoisha alimpigia mama, ambaye yuko kijijini kwetu Nyarero, akasema ameachiwa kazi ya kulinda boma. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena, hadi filamu ikatoka. Mama akanipigia mimi.

"Wewe si ndiyo mambo yako hayo? Nenda kamlete mwenzako."

Basi nikasafiri. Dodoma, Singida, Shinyanga, Mwanza, Bunda, kutwa nzima. Miguu ilivimba hadi viatu vikakataa. Njia yote nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia, nayafuta, nayapanga tena, kwa sababu Marwa ni mtu wa kucheka ukimwambia jambo la maana. Nilifika Mugumu giza limeingia, nikalala gesti, asubuhi bodaboda akanishusha kwenye uzio wa boma.

Nitasema ukweli: kitu cha kwanza nilichohisi ni wivu. Udongo wa ukutani, moshi uliopakwa chini ya nyasi za paa, zizi la mawe. Vyote vilikuwa sawasawa. Na mlangoni mwa nyumba kubwa alikuwa amekaa Marwa, amevaa shuka lile lile la kwenye filamu.

"Mura!" akaniita, kama tunavyoitana vijana wa kwetu. "Dodoma hakuna ugali? Mbona umekonda hivyo?"

Nikacheka.

"Mama anakutaka nyumbani," nikamwambia. Maneno yote ya njiani yalikuwa yamepotea.

"Nitakuja. Kwanza kaa. Umetoka mbali, nikuletee maji."

Akainuka, akainama, akaingia ndani. Nyuma yake niliona moto wa kuni ukiwaka gizani. Nikasubiri. Kisha nikaona si vizuri mgeni kusubiri nje kwa kaka yake, nikainama na mimi nikaingia.

Nikajikuta nimesimama nje, kwenye majani.

Ile nyumba haikuwa na nyuma. Ilikuwa ukuta wa mbele, kipande cha paa, na miti ya kuegemeza. Hivyo ndivyo tunavyojenga. Kisichoonekana na kamera hakijengwi. Nilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mbele yangu kulikuwa na mbuzi watatu na uwanda mtupu hadi kwenye vilima. Mtu angepita wapi nisimwone?

Ndipo sauti ikatoka mlangoni, nyuma ya mgongo wangu.

"Mura, mbona umepitiliza?"

Nikazunguka mbio hadi mbele. Giza lilikuwapo, moto ulikuwapo. Nikarudi nyuma: majani na jua. Nilifanya hivyo hadi mwenye shamba, Mzee Mwita, alipokuja akiwa na fimbo yake akanikuta nalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni mdogo wake, sivyo? Mnafanana paji."

Nikamuuliza kwa nini alimwajiri kaka yangu halafu hakutuambia kitu. Akatikisa kichwa. Hakuna mlinzi aliyewahi kuajiriwa pale. Siku ya mwisho ya kupiga filamu magari yaliondoka, kila mtu akadhani Marwa yuko kwenye gari la wenzake.

Kisha akanieleza walivyomlilia. Yule mwigizaji wa mjini aliyecheza kama mama wa marehemu alishindwa kutoa machozi. Akamuinamia Marwa pale kwenye ngozi, akamuuliza, "Unaitwa nani wewe?" Marwa akamwambia. Basi mwanamke yule akalia kwa jina hilo, jina la mtu mzima, hai, na akina mama wa hapa waliokodiwa kujaza uwanja wakalipokea, wakaliimba kama wanavyoimba msibani. Kamera ikapata ilichotaka.

Kwetu, mtu aliyeliliwa kwa jina lake, kisha ikajulikana yu hai, hatembei tu akarudi kwao. Anaingizwa katika nyumba alikoliliwa, ukuta wa nyuma unatobolewa, na aliyemlilia anasimama nje kumwita atoke kwa tundu hilo, kama mtoto anayezaliwa.

"Bibi mmoja aliwaambia watu wa filamu," Mzee Mwita alisema. "Akapiga kelele kabisa, mtoboleeni huyo kijana ukuta. Wakacheka. Wakamuuliza, ukuta upi, bibi?"

Nikaomba ruhusa ya kujenga. Mzee alifikiri kidogo.

"Jenga. Ila upande wa mbele usiguse. Wageni wanataka waukute kama kwenye filamu."

Niliweka fito, nikakandika udongo na samadi, na sikubomoa hata sehemu moja. Sijawahi kujenga ukuta mzuri kama ule. Ulipokauka, mama alikuja kutoka Nyarero na baba mdogo. Baba mdogo akatoboa kwa jembe. Tundu lilipofunguka, joto la moto lilitupiga usoni, na harufu ya ugali. Aliyemlilia hatukuwa naye, tukaamini mama mzazi atatosha. Mama akapiga magoti.

"Marwa! Mwanangu, toka!"

Kisha sauti yake, ya upole, kama anazungumza na mgeni.

"Wewe ni nani, mama?"

"Ni mimi! Mama yako!"

"Mama yangu ni yule aliyenililia. Mwiteni."

Mama hakulia. Labda aliogopa kulia.

Nimempigia yule mwigizaji hadi nimeacha kuona aibu. Kwa muda mrefu alipokea msaidizi wake, akisema dada ana ratiba. Siku moja akapokea mwenyewe. Nikamweleza yote, kwa haraka, asije akakata. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hii ni nzuri sana," akasema. "Umeiandika mwenyewe?"

Mama sasa amepanga chumba pale Mbalibali. Kila siku hukaa karibu na tundu akimsimulia Marwa utoto wake, ili amkumbuke. Ndani hujibiwa kwa heshima. Wageni humpiga picha. Wanadhani amewekwa pale pamoja na zizi na vyungu. Mmoja alimwomba alie kidogo.

Ukifika pale, pita huku nyuma umsalimie mama, na simu yako iache mfukoni. Na watu wa filamu wakija kwenu wakakutaka ulale chini wakulilie, fikiria kwanza kama kuna mtu wa kukuita baadaye. Wakishaondoka, hawapokei simu.