Chumba cha Bi Mwantumu Kibamba

Dalali wa Tabata hakuwahi kupata mteja wa namna ile. Mtu katoka Korogwe, kapata kazi ya fundi mkuu wa mitambo katika kiwanda cha magunia, anaonyeshwa nyumba yenye maji ndani, mita ya umeme ya LUKU yake peke yake, hatua chache tu na kazini, halafu anauliza, "Ardhi iko wapi?"

"Ardhi ya nini, bosi?"

"Ya kulima."

Dalali alicheka mpaka akashika ukuta. Sabiri hakucheka. Alimshukuru, akatoka, akaenda kumtafuta dalali mwingine.

Sabiri alikuwa na miaka arobaini na sita, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Miaka kumi na tisa alikuwa Korogwe akitengeneza mashine za kusokota kamba za mkonge, akikaa Masuguru na mkewe Maryamu na binti zao wawili. Kila Ijumaa, swala ikiisha, aliwasha pikipiki hadi Sindeni, upande wa Handeni, kumwona mama yake, Bi Mwantumu. Alikula bada, ule ugali wa muhogo ambao Maryamu hajaujulia mpaka leo, akasikia nani kafiwa na nani kaozesha, kisha akarudi. Ijumaa hizo alianza kuzililia hata kabla hajahama. Baba alishafariki, na Dar es Salaam si mahali pa kwenda na kurudi baada ya swala. Kwa hiyo alijiwekea sharti moja: asingekaa mjini bila mama yake. Na mama yake, alivyomjua, asingemaliza siku tatu mahali ambapo hana pa kupigia jembe.

Siku alipopata kazi hiyo alimpigia simu kutoka kiwandani Korogwe, mashine zikinguruma nyuma yake.

"Mama, nimepata kazi Dar. Nataka uje tukae wote."

Bi Mwantumu alikuwa uani kwake. Kuku wake wakasikika.

"Haya, mwanangu. Mungu akipenda." Kisha akauliza, "Mjomba wako umeonana naye siku hizi?"

"Bado, mama. Nitampigia."

Hakumpigia. Si kwa ubaya; mambo ya kuhama ni mengi, na mtu aliyekaa mjini miaka mingi huanza kudhani simu moja inatosha kwa kila jambo.

Maryamu alitaka Tabata. Yeye ni wa Dindira, na watu wa milimani hawazungushi maneno. "Utakuwa unaamka saa kumi alfajiri kila siku kwa ajili ya mtu ambaye hajasema siku ya kuja."

"Kasema haya."

"Haya si tarehe, baba Yusra."

Lakini Sabiri alishaamua. Alipata nyumba Kibamba, mbali kweli kweli na kazi, kando ya barabara ambayo mabasi ya kwao hupitia. Ilikuwa na uwanja mpana wa nyuma. Kabla hata ya kupanga makochi alishachimba matuta, akapanda mihogo na mbaazi. Chumba kinachotazama shamba hilo akakipaka rangi, akaweka kitanda kifupi, maana mama yake hapendi kitanda cha kupandia. Yusra, binti mkubwa, alitaka kukichukua. Baba yake alimkatalia kwa ukali ambao haukuwa wake.

Kisha wakasubiri. Bi Mwantumu alisema atakuja baada ya mavuno. Mavuno yakapita, akasema baada ya mfungo. Mfungo ukapita, akasema mvua zikipungua. Na kila simu alimalizia kwa kumuulizia mjomba, na kila mara Sabiri alijibu kwamba atampigia. Aliona mama anarudia maneno kama wazee wengine.

Mbaya zaidi ilikuwa Ijumaa. Akitoka msikitini karibu na kiwanda, wenzake wakirudi kazini wakitaniana, yeye alisimama kidogo akifunga viatu vilivyokwisha kufungwa. Alimtamani mama yake kama mtoto mdogo anavyotamani, na aliona aibu, mtu mzima mwenye mvi. Alikuwa na nyumba iliyochaguliwa kwa ajili ya mtu mmoja, na kila aliyekuwamo alikuwa mtu mwingine. Hilo hakuweza kumwambia Maryamu, ingawa Maryamu alilijua, ndiyo maana aliacha kutaja Tabata.

Mwaka wa pili ukiwa katikati, simu ikaja kwamba mjomba Mhina, kaka wa pekee wa Bi Mwantumu, amepigwa na kiharusi. Sabiri aliomba ruhusa, akapanda basi la asubuhi, akashuka Segera na kuchukua pikipiki mpaka Sindeni. Alimkuta mjomba kalala upande mmoja. Mkewe alikufa zamani, na watoto wake wako Kahama wakitafuta dhahabu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Maneno yalimtoka taratibu, kila moja likisukumwa. "Umekuja kunichukua mimi, au dada yangu?"

Sabiri hakuelewa.

"Ulimpigia simu yeye. Mimi hukunipigia. Hukuja. Katika ukoo wetu mwanamke haondoki kwao kwa simu ya mwanawe. Kaka yake anaombwa. Baba yako alijua. Wewe nani alikuficha?"

Sabiri alikaa chini kwenye mkeka. Yale maswali yote ya mama kwenye simu yalimrudia moja moja, na kila moja lilimuuma peke yake.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Akuambie nini? Aje ajiombee mwenyewe? Nguo zake alikuwa kazifunga, mwaka mzima. Nikipita namwona. Na mimi nilikuwa nasubiri, kiburi kimenijaa. Ungekuja ningekupa siku ile ile, na mbuzi juu."

"Basi nakuomba sasa, mjomba."

Mzee aliutazama mkono wake ulioanguka kando ya mwili. Machozi yalimtoka, naye hakuweza kuyafuta. "Sasa nani atanigeuza, Sabiri?"

Bi Mwantumu alikuwa nyuma ya nyumba akimenya mihogo ya kaka yake. Alikuwa amepungua. Sabiri aliketi karibu yake, akachukua kisu kingine, wakamenya mpaka beseni likafika nusu.

"Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe zamani. Kumenya ndiyo hujui, unatupa muhogo na ganda." Akamkatia kipande kibichi, akampa atafune. "Niambie hiyo nyumba ikoje."

Akamwambia. Matuta mangapi, mbaazi zilivyofunga mwaka huu, mlango unaangalia upande gani, jirani Mzigua wa Kwamsisi ambaye huamkia kwa Kizigua mpaka mbwa. Bi Mwantumu alisikiliza huku kisu kimesimama, akitikisa kichwa kama anayepita humo ndani, chumba baada ya chumba.

"Na changu kina dirisha?"

"Yapo mawili."

Ndani, mjomba aliita. Bi Mwantumu akaweka kisu chini, akaegemea bega la mwanawe kuinuka, na mkono ukabaki pale begani kidogo.

"Usikipangishe," alisema, akaingia ndani.