Bomba Jipya la Jirani wa Chini

Jirani yetu wa chini ana pikipiki ya kuvukia majangwa, na kila Jumamosi huipanda kwenda kununua mikate, mtaa wa pili. Vidole vyake ni vinene, lakini hushika spana kama mtu anayelisha kifaranga. Jumamosi iliyopita alifungua bomba la moshi la pikipiki, lile lililotoka nayo kiwandani, akalifunga kwenye blanketi, akaweka jipya, fupi, jeusi. "Lile linakohoa kama mchungaji mwenye mafua," alituambia. "Hili linanguruma." Kila nati aliikaza, akaifuta, akaikaza tena, hata alipomaliza ilikuwa saa saba na dakika mbili. Na kuanzia saa saba mpaka saa tisa mchana ni marufuku kupiga kelele kwenye jengo letu. Tangazo liko mlangoni, aliliandika yeye. Basi akakaa juu ya pikipiki, kofia kichwani, ufunguo mkononi.

"Washa basi, mwanangu!" Bi Tönnies alimpigia kelele kutoka ghorofa ya pili. "Nina miaka themanini, unataka nife sijalisikia?"

"Saa tisa, Bi Tönnies," akajibu kwa kunong'ona.

Saa tisa kamili akawasha. Vioo vilitetemeka, mbwa wa Bi Tönnies akakimbilia ndani, bibi mwenyewe akapiga makofi. Jirani akazima papo hapo, uso umemwiva, akayatazama madirisha yetu moja moja. Jumatatu tangazo lilikuwa limeongezwa mstari, kwa mwandiko uleule: wenye pikipiki wote wazisukume hadi njia panda, ndipo waziwashe. Jengo zima lina pikipiki moja.