Gliserini ya Madam na Uso Wangu wa Januari

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nikianika mahindi uani simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa karani wa zamani wa shule moja hapa Kitale, mahali nilipofanya kazi kabla ya kuzeeka, naye hakuzunguka. "Madam wa fizikia ametuacha. Tunamzika Ijumaa, kwake Kabuchai." Niliketi juu ya gunia nikasahau mahindi, na kuku wa jirani wakajikaribisha. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba safu hii hupenda kusuta watu. Nimewasuta wauza mbegu, makarani wa ardhi, hata wanakwaya. Leo zamu ni yangu, na naomba mnivumilie kwa sababu sijawahi kuliandika jambo hili popote.

Mimi nilikuwa mhudumu wa maabara. Elimu yangu iliishia Kidato cha Nne, na kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo, kutayarisha vifaa vya majaribio na kukaa na ufunguo wa kabati. Madam alifundisha fizikia kana kwamba ilianzia jikoni. Siku ya somo la mnato, yaani ile tabia ya kiowevu kujivutavuta kisitake kutiririka, alinituma nipike uji sufuria mbili, moja iachwe ipoe. Kisha aliinamisha bati juu ya meza, akamimina uji wa moto upande mmoja na wa baridi upande wa pili. "Nani anatangulia?" akauliza. "Wa moto, Madam!" mvulana mmoja akapiga kelele. "Huo mwingine si bado umelala!" Akawaeleza kwamba joto hulegeza kiowevu, kikaenda mbio. Uji uliobaki kwenye sufuria darasa liliunywa wote, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo mada pekee ambayo hakuna mwanafunzi aliyeikosa.

Sokoni alikuwa yule yule. Wauza asali walioteremka kutoka Mlima Elgon walimjua kwa mbali. Hakuonja wala kunusa. Aliishika chupa, akaipindua juu chini, akatazama kiputo cha hewa kikipanda. Kikipanda taratibu, alinunua. Kikipanda mbio, alimrudishia mwenyewe chupa yake kwa upole na kusema, "Baba, hawa nyuki wako wamekunywa maji." Nilikuwa nambebea kikapu, na nilicheka kuliko watu wote pale. Sasa nashangaa jinsi mtu anavyoweza kucheka hivyo na bado asiwaze kwamba macho yale yale yatamfikia siku moja.

Kwa maana Januari ya Kitale mnaijua. Upepo ni mkavu, asubuhi baridi inauma, na ngozi inapauka mpaka mtu anaonekana kama ametoka kusaga mahindi. Katika kabati nililokuwa na ufunguo wake kulikuwa na chupa kubwa ya gliserini. Nilianza na tone moja kwenye midomo. Wiki ya pili nilikuwa nimefika usoni, ya tatu magotini, na mke wangu naye akaanza kuuliza kama shule haina nyingine. Kila nilipochota, nilijazia maji, nikatikisa. Maji na gliserini huchanganyika vizuri sana, huoni mstari wala tabaka. Laiti ingekuwa mafuta, maji yangezama chini na kunishtaki. Nilijua pia kwamba chupa imepungua uzito kidogo, lakini nani hupima chupa kwa mkono? Nilijiambia kikombe kimoja cha maji hakiwezi kuharibu chupa nzima. Hilo ndilo kosa la mtu aliyesoma nusu. Maji kidogo tu huivunja gliserini nguvu, ikawa nyepesi mara nyingi kuliko unavyodhani.

Wakaguzi wakaja mwezi huo huo. Nafasi ya mkuu wa idara ya sayansi ilikuwa wazi, na kila mtu alijua kwamba Madam akifundisha vizuri siku ile, ni yake. Aliweka silinda ndefu ya kioo mezani, imejazwa gliserini kutoka chupa yangu, akashika gololi, ile watoto wa hapa huiita bano. Akawaambia wageni, "Tazameni. Itashuka kwa mwendo wa bibi harusi anayepelekwa kwa wakwe." Akaiachia. Gololi ikaenda chini ti! "Madam, hata sijabonyeza saa!" akalia msichana aliyepewa kazi ya kupima muda. Sauti kutoka nyuma ikajibu, "Bibi harusi ametoroka, bana!" Darasa likaanguka kwa kicheko. Mkaguzi mmoja akainama, akanusa silinda, akauliza, "Mwalimu, hii ni gliserini ama ni maji ya kunawa?"

Madam alirudia mara mbili, na mara mbili bibi harusi akatoroka. Kisha akageuka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kosa ni langu. Sikukagua vifaa kabla ya somo." Mkaguzi akaandika. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya sinki nikifuta meza ambayo tayari ilikuwa kavu. Walipoondoka alinijia. "Una hakika hii ni gliserini ile ile?" Nikamjibu, Mungu anisamehe, kwa somo lake mwenyewe. "Madam, labda ni joto limeilegeza." Nilikuwa nimevaa sweta mbili. Aliniangalia usoni kwa muda mrefu, akasema, "Haya." Basi. Nafasi ilienda kwa mtu mwingine, na mwaka uliofuata akahamishiwa shule ya upande wa Sirisia.

Kutoka Kitale hadi Kabuchai si safari ya kulala njiani. Ningeweza kwenda asubuhi nikarudi kabla ya jioni, na miaka yote hiyo sikwenda. Nilikuwa nasubiri nipate maneno mazuri. Mtu anayeandika safu, anakosa maneno! Alipostaafu, niliambiwa, nikasema mwaka huu. Alipougua, niliambiwa, nikasema akipata nafuu.

Ijumaa nikaenda. Mfawidhi wa shughuli alinipa dakika mbili, nikaziomba tano, nikasimama mbele ya jeneza nikasema yote, mpaka magoti. Watu walicheka hadi hema likatikisika, na mimi nikadhani wanacheka jinsi nilivyolia. Mume wa Madam, mzee mkulima wa miwa, akainuka taratibu. "Ndugu, hiyo si habari mpya hapa kwetu," akasema. "Mama watoto alituambia siku ile ile. Alisema, ati shule nzima imepauka, mwalimu mkuu amepauka, mimi mwenyewe nimepauka, lakini mhudumu wangu anang'aa kama sufuria mpya."

"Na mbona hakunishtaki?" nikauliza.

"Ulikuwa na watoto wadogo. Ungefukuzwa. Alisema utakuja mwenyewe. Kila Desemba alikuwa anasema, mwaka huu atakuja, mfungieni jogoo. Tumekula majogoo wengi kwa ajili yako, ndugu."

Watu wakacheka tena, mimi sikuweza. Kumbe miaka ile yote nilikuwa naogopa mlango ambao ulikuwa wazi. Wasomaji wangu, kama kuna mtu uliyemwacha abebe lawama yako, na bado anapumua, nenda wiki hii, hata bila maneno mazuri. Kukiri mbele ya jeneza ni rahisi mno. Aliyelala ndani hawezi kukuuliza swali la pili, na mimi ningelipa chochote kusikia la Madam.