Mwano Kwenye Diski

Bariadi nzima ilishahamia kwenye simu na flashi, lakini Violeth alikuwa bado anachoma CD, na ukimcheka, naye anakucheka. Alikuwa akiuliza nani atawapigia muziki wenye mabasi makuukuu na pikapu za pamba ambazo redio zake hazijui kitu kingine. Alianza na kwaya ya parokia, akaingia kwenye ngoma za Kisukuma, mpaka akapata kibanda chake karibu na stendi, kompyuta moja na spika kubwa mlangoni. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakumpa mtu diski kabla hajaisikiliza mwanzo hadi mwisho. Wateja walilalamika wee, mwishowe wakazoea.

Siku aliyoacha kusikiliza, umeme ulikuwa unakatika na kurudi. Maganga, mwanamume wa Kimali, huko Meatu, mwenye shati lililonyooshwa vizuri, alileta simu yenye mwano, lile yowe la Wasukuma ambalo ukilisikia unaacha hata ugali, unatoka na fimbo. Alieleza kwamba tembo wanawamalizia mahindi, na anataka kuupiga usiku kwa vipaza sauti vya pikapu ili wakimbie. Violeth akamsifu kwa akili hiyo. Alionja mwanzo tu, akachoma, na kwa haraka zile akasahau kuifunga diski, ile hatua ya mwisho ambayo bila hiyo redio za magari haziisomi.

Umeme ulipotulia, ugonjwa wake ukamrudia. Akavaa visikilizio, akaufungua ule mwano uliobaki kwenye kompyuta. Likaja yowe, kisha sauti ya mwanamume ikasema kwa Kisukuma kwamba mchawi anayewamaliza watoto wao amekamatwa, ni yule mjane Nyanjige wa Kimali, waje kwake wote na silaha. Kisha yowe tena. Tembo gani anayemjua Nyanjige? Violeth hakuwa anamfahamu bibi huyo, ila alijua vizuri kwamba watu wanaotolewa ndani na mwano hawana muda wa kuuliza maswali.

Kabla hajajua la kufanya, Maganga akasimama mlangoni na diski yake mkononi.

"Dada, haisomi," alisema. "Nichomee nyingine upesi. Watu wananisubiri, ni leo hii."

Violeth aliogopa, na hofu hiyo ilimfanya awaze haraka. Akimkatalia, nyuma ya stendi kuna mchomaji mwingine asiyesikiliza chochote. Akikimbilia polisi, mpaka aeleweke pikapu itakuwa imeshafika Meatu. Akaona dawa ni moja: watu wausikie mwano huo mchana huu, na uso wa mwenye nao wauone. Penye mashahidi hatathubutu kumgusa yule mjane. Basi akachoma diski mpya, akaifunga, akasema ataijaribu kwanza kama ilivyo desturi yake. Maganga alimwambia hakuna haja, akanyoosha mkono aipokee. Violeth akaipiga kwenye spika ya mlangoni, sauti mpaka mwisho.

Stendi iliitika kama alivyotaka, na kupita alivyotaka. Wapakia mizigo walikuja na nondo, wauza mboga na visu vyao, vijana wa bodaboda wakaziacha pikipiki zinanguruma. Walipofika wote, spika ikamtaja Nyanjige wa Kimali. Violeth alikuwa ameshapanga maneno yake, kwamba huyu mtu ashikwe tu na aitwe polisi, lakini Machibya alimwahi. Machibya alikuwa dereva wa bodaboda aliyeegesha mbele ya kibanda hicho kila siku, akimtania kuhusu biashara yake ya kizee.

"Nyanjige ni mama yangu mkubwa," alisema polepole. "Nani kaileta hii?"

Violeth alisema polisi, akarudia tena, hakuna aliyemgeukia. Kidole hakumnyooshea mtu. Hakukuwa na haja, kwa sababu mkono wa Maganga ulikuwa bado umenyooka kuipokea diski.

Watu wakamsogelea. Violeth akajitupa kwenye kompyuta akazima, spika ikanyamaza. Yowe halikunyamaza. Lilikuwa limeshaingia vinywani mwa watu, na kutoka upande wa sokoni wengine walikuwa wanakuja mbio.