Chupa ya Kusagia ya Bi Twaiba

Kwa miaka kumi na tisa Twaiba Kombe aliuza mboga na matunda pale njia panda ya Tiwi, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kula embe zima. Embe zima lilikuwa la mteja. Lililobonyea lilikuwa la mteja mwenye kulilia bei. Lililooza upande mmoja lilikuwa la mbuzi wa jirani, na jirani alilipa kwa maziwa. Yeye mwenyewe asubuhi alikunywa chai ya rangi kwa mahamri mawili, mchana chai tena kwa viazi karai, na usiku sima na dagaa kidogo, akalala. Aliyemuuliza mbona hali anachouza, Twaiba alimtazama kama aliyeulizwa na mtoto.

"Nikiula mtaji, nitauza maneno?"

Hesabu hiyo ndiyo iliyomjengea nyumba ya vyumba viwili yenye bati jipya, kwa hiyo hakuona sababu ya kuibadilisha. Mpaka siku alipoanguka.

Alianguka Kongowea, kwenye soko la jumla la Mombasa, jua limeshatoka, akishuka kutoka kwenye kanta ya Suleiman. Suleiman ndiye mwenye gari lililowachukua wachuuzi wa Tiwi mara tatu kwa wiki kwenda kununua mali. Twaiba alitia mguu chini, dunia ikazunguka, na alipofumbua macho alikuwa chali juu ya rundo la kabeji, watu wamemzunguka, na mwenye rundo anazichomoa kabeji zake moja moja kutoka chini yake zisipondeke. Hilo halikumuudhi. Angekuwa yeye angefanya vivyo hivyo.

Hospitalini walimpima hiki na kile. Muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, akaisoma karatasi mara mbili.

"Damu yako iko saba, mama. Inatakiwa ifike kumi na mbili. Wewe unatembeaje?"

"Kwa miguu."

"Unakula nini?"

Twaiba akamtajia: chai, mahamri, chai, viazi, sima, dagaa.

"Na kazi yako?"

"Nauza mboga na matunda."

Muuguzi akaiweka kalamu mezani.  Kisha akampa vidonge, akamwambia chai isikaribie chakula wala vidonge, ale majani ya kijani na matunda kila siku ya Mungu, arudi baada ya miezi miwili.

Vidonge Twaiba alivimeza bila ubishi. Lililomkaa kooni ni la Suleiman.

"Bi Twaiba, mimi sikatai kukubeba. Nakataa kukuzika," Suleiman alimwambia. "Niletee karatasi ya hospitali inayosema unaweza, utapanda. Kwa sasa nitakununulia mimi."

Suleiman alijua injini. Kwa sauti tu angekwambia gari lina ugonjwa gani. Lakini papai hakulijua. Alimletea Twaiba mapapai yaliyochumwa machanga, yasiyoiva hata ukiyaweka mwaka, na nyanya zilizokwisha kulegea. Biashara ya Twaiba ilikuwa macho yake na kidole gumba chake. Embe alilijua kwa kulishika shingo tu. Sasa alikuwa anauza macho ya mtu mwingine, na wateja waliona. Mmoja akavuka barabara kwenda kibanda cha pili, kesho yake wawili. Twaiba hakuhitaji kuambiwa. Miezi miwili ikipita na damu haijapanda, hatakuwa na kibanda cha kurudia.

Basi ikawa lazima ale. Na kula kukawa kazi. Magego manne yalishang'olewa, yote ya upande mmoja. Karoti moja ilimchukua muda wa kuhudumia wateja watatu, na mteja hapendi kuuziwa na mtu anayetafuna. Ndipo alipomwona dada mmoja, mfanyakazi wa hoteli Diani, aliyezoea kununua kwake ndizi zilizotoka madoadoa. Dada yule alitoa mkobani chupa ya plastiki yenye kitako kinene, akamenya ndizi papo hapo, akaitumbukiza na maziwa, akabonyeza. Ikanguruma. Akanywa, akafuta mdomo, akaenda kazini.

"Umeme wake uko wapi?" Twaiba alimuuliza aliporudi siku ya pili.

"Humo humo ndani, mama. Unaichaji kama simu. Ni blenda."

Ijumaa hiyo Twaiba alikuwa Ukunda, kwenye duka la vifaa vya umeme la Ndolo, Mkamba wa miaka thelathini hivi aliyehamia pwani na ulimi wake wote.

"Karibu mathe."

"Mathe ni nani? Huko kwenu hamsalimii?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nionyeshe blenda ya kuchaji."

Ndolo akaiteremsha, akatia maji, akatia kipande cha ndizi. Ikasaga. "Umeona? Hii kitu inasaga kila kitu."

"Ndizi naisaga kwa kijiko," Twaiba alisema. Akafungua mkoba wake, akatoa karoti na fungu la mchicha alivyokuja navyo kutoka nyumbani. "Saga hivi."

Ndolo akacheka, akakatakata karoti, akabonyeza, na huku blenda ikilia akaitazama kwa jicho la mtu anayeomba kimoyomoyo. Karoti ikalainika. Alitaja elfu mbili na mia nane. Twaiba akataja elfu moja, akakaa kwenye kiti cha plastiki kama aliyekuja kushinda. Wakapandishana na kushushana mpaka wakakutana elfu moja na mia saba, na Ndolo alipoanza kufunga mfuko, Twaiba akainua mkono.

"Na nyongeza yangu?"

"Nyongeza gani tena? Hizi si nyanya, mama, niongeze moja juu."

"Mimi kwangu hakuna anayetoka bila nyongeza. Yangu ni mkono wako. Ikifa, uifufue mara moja, bure."

Ndolo, aliyekuwa amechoka, akakubali. Hakujua amekubali nini.

Kesho yake alfajiri, baada ya kuswali, Twaiba alikaa uani na ile chupa. Alichukua fungu la mchicha, moja katika yale aliyoyafunga kwa kamba ya mgomba kila asubuhi ya maisha yake, akalipitisha kwenye maji ya moto. Akatia embe lililobonyea, si zima, hapo bado mkono ulikuwa mzito. Akakamua chungwa. Akabonyeza mara mbili, kama alivyoelekezwa.

Ilinguruma kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Yale majani yakazunguka, yakapasuka, kisha hayakuwako. Fungu zima, lililojaza mikono miwili, likawa kimo cha vidole vinne ndani ya chupa. Na rangi ile. Twaiba aliinyanyua chupa dhidi ya mwanga uliokuwa unaanza kuingia uani, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Aliuza mchicha kwa miaka kumi na tisa. Aliujua ukiwa mbichi, ukiwa umenyauka, ukiwa umenyunyiziwa maji uonekane wa leo. Hakujua kwamba ndani yake mlikuwa na kijani kile, kizito, chenye kung'aa, kama kitu kilichokuwa kimefichwa akiwa anakipitisha mkononi na kukipeleka kwa watu wengine. Aliyekuwa na bei ya kila kitu hakuipata bei ya kile alichokishika.

Akanywa. Embe lilitangulia, udongo ukafuata. Kwa pumzi nane akamaliza mboga ambayo kwa meno yake ingemchukua mpaka adhuhuri.

"Wifi," sauti ikatoka juu ya ua wa makuti. Ni Esha, dada wa marehemu mume wake, anayekaa nyumba ya pili na asiyepitwa na jambo. "Umerudi kunyonya chupa?"

"Wewe ngoja meno yako yaishe, utakuja kuiazima."

"Mimi meno ninayo, ila sijui kama nitayahitaji nikikuona unavyokunywa majani ya sungura."

Kila asubuhi akanywa, na kila alasiri akanywa tena kibandani, kati ya mteja na mteja. Mchicha, majani ya kunde, papai, karoti, pera. Yale matunda yaliyokuwa yakienda kwa mbuzi yakabadilisha njia, na jirani akalalamika, na maziwa yakakatika, na Twaiba akapiga hesabu akaona bado anafaidi.

Wiki ya nne likamtokea jambo. Kati ya kibanda cha maji na nyumba yake kulikuwa na jiwe, ambalo kwa muda wa mwaka mzima hakulipita bila kutua ndoo na kuvuta pumzi. Asubuhi hiyo alifika uani, akatua ndoo mlangoni, akanawa mikono, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba hakutua. Akatoka tena hadi njiani. Jiwe lile lile, mahali pale pale. Alisimama akilitazama kama mtu anayemtazama mdai wake aliyemsamehe bila kuombwa. Miguu ilikuwa imempitisha pale bila kumwuliza. Akajishika kifua, moyo ulikuwa unakwenda polepole, kama wa mtu aliyekaa. Hakumwambia yeyote. Lingesemwaje?

Kisha akaharibu.

Esha alikuja na nazi mkononi. "Wifi, mbuzi yangu imekatika ulimi, na nina samaki wa kupaka. Nisagie hii nikamue tui."

Twaiba alijua kukuna nazi tangu ana miaka saba, amekaa juu ya mbuzi, nyama ya nazi ikishuka sinia. Lakini mbele yake palikuwa na kitu kilichomeza mchicha na karoti, na muuzaji alisema kinasaga kila kitu. Wakaivunja nazi, kavu, ngumu, yenye mafuta. Akatia vipande, maji kidogo tu ili tui liwe zito. Akabonyeza.

Ilipiga kelele moja ya kukatika, ikatoa harufu ya waya ulioungua, taa yake ikawa nyekundu, ikanyamaza.

Esha akachungulia. "Imeshiba," alisema.

Twaiba hakucheka. Zilikuwa zimebaki wiki tatu arudi hospitali.

Duka la Ndolo lilikuwa limefungwa, mwenyewe amekwenda kwao kwa msiba. Siku tatu Twaiba alitwanga mchicha kwenye kinu, akaunywa na chengachenga zake, huku akihisi kwamba kitu anachokijua kwa wiki chache tu kimemwachia pengo la mtu. Siku ya nne akaketi tena kwenye kile kiti cha plastiki.

"Pole kwa msiba, mwanangu."

"Asante, mama." Ndolo akaipokea chupa, akainusa. "Umesaga nini?"

"Nazi."

"Nazi kavu? Mama, nazi ni mbao. Hii si mbuzi."

"Ulisema inasaga kila kitu. Nazi ni kitu au si kitu?"

"Nilisema kila kitu cha kuliwa."

"Kwenu nazi mnaijengea nyumba?"

Ndolo akaigeuza chupa, akakitazama kitako.

"Na nyongeza yangu nimekuja kuichukua," Twaiba aliongeza.

Ndolo akaifungua, maana neno alilitoa mwenyewe. Alikikagua kitako, akachomoa kidude kimoja, akakiweka kiganjani mwa Twaiba. Kilikuwa kidogo kama kibiringo cha uzi wa cherehani.

"Hiyo ndiyo inazungusha. Nyuzi za nazi zimejizonga kwenye kisu, ikawa inavuta isiweze, mpaka waya mmoja ukaachia. Bahati yako, yenyewe haikufa."

Twaiba alikitazama kidude kile. Magunia mangapi ya majani yalipita kwa nguvu ya kitu kinachokaa kiganjani? Na yeye alitaka kukipandisha kwenye nazi. Akakirudisha kwa mikono miwili, jambo ambalo Ndolo hakulizoea kwa mama huyu, akangoja mpaka kikarudi mahali pake, waya ukaungwa, taa ikawaka buluu.

"Maji yawe mengi, vipande viwe vidogo," Ndolo alisema. "Ukimaliza, uiache ipumzike. Na nyongeza imekwisha."

"Imekwisha," Twaiba akakiri.

Siku ya miadi alivaa buibui lake jipya. Muuguzi yule yule akamtoboa kidole, akangoja mashine yake, akasoma, akasoma tena.

"Kumi na moja nukta nane."

Twaiba akageuza kidole. Kidoleni palikuwa na tone dogo jekundu, jekundu kweli, na alilitazama kama alivyoitazama ile chupa alfajiri ya kwanza. Fungu la mchicha liliingia mlango mmoja, likatokea hapa na rangi nyingine. Vidonge vilifanya kazi yake na hakuvinyima sifa, lakini vidonge hakuvifunga kwa mkono wake.

"Inatakiwa kumi na mbili," alisema hatimaye. "Niongezee hizo nukta mbili."

"Damu haina nyongeza, mama." Muuguzi akatabasamu, akaandika, akagonga muhuri. "Lakini kazini rudi. Vidonge uendelee navyo, na hicho unachokula usikiache."

Suleiman aliisoma karatasi mpaka chini, akasoma na muhuri, akamfungulia mlango wa mbele. Kongowea Twaiba alishusha mguu taratibu. Ardhi ikatulia. Mbele yake zilisimama kabeji, karoti, machungwa, mapapai kwa matuta, mali ile ile ya miaka kumi na tisa, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba yote yale yalikuwa safarini kwenda kuwa watu. Alisimama kidogo zaidi ya inavyompasa mtu mwenye haraka.

Kisha akainama kwenye kreti ya maembe, akashika shingo moja, ya pili, ya tatu, akachagua lililo zima kuliko yote. Hakulitia kwenye fungu lake. Alilitia mkobani, kando ya ile chupa.

"Hilo unamwekea nani?" Suleiman akauliza.

"Mteja wa kila siku," alisema, akamgeukia mwenye maembe kumuuliza bei ya kreti, na bei aliyotajiwa akaikataa.